Mwalimu Anayetema Kahawa

Baba yangu alininunia miezi mitano. Simu alikuwa anapokea, tena kwa adabu zote: ananisalimu, anauliza Mbozi mvua inasemaje, halafu anasema "haya, mama yako huyu hapa." Kuhusu kazi yangu hakuuliza neno. Siku alipovunja kimya alisema sentensi mbili tu, na wadogo zangu wamezikariri, kila Krismasi tukikutana Tukuyu lazima mmoja amwigize sauti: "Nyerere aliacha ualimu akatuletea uhuru. Wewe umeacha ualimu, unatema kahawa."

Hakuna la kumpinga. Nyerere aliacha kweli kufundisha pale Pugu, mwaka 1955. Na mimi kweli natema kahawa. Msimu ukikolea natema vikombe mia kabla ya chakula cha mchana, mbele ya watu, ndani ya kopo la plastiki ninalotembea nalo mkononi kama mzee wa ugoro. Nalipwa kwa hilo.

Nieleze vizuri, maana hata shangazi yangu aliyenilisha miaka miwili mpaka leo anawaambia watu kuwa niko "kwenye mambo ya viwanda."

Mimi ni mwonjaji wa kahawa. Mkulima akishavuna, buni ikamenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, ikakauka kwenye vichanja na kukobolewa, kuna mtu lazima aseme ile kahawa ina nini ndani kabla mnunuzi hajataja bei. Mtu huyo hainywi. Anakaanga sampuli kidogo siku moja kabla, anaipumzisha. Asubuhi anapima gramu 8 na robo kwa kikombe, vikombe vitano kwa kila sampuli, anasaga, ananusa ikiwa kavu, kisha anamimina maji mililita 150. Maji yanatakiwa yawe nyuzi 93 hivi. Huku kwetu hilo halisumbui, kwa sababu Mbozi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiepua birika ukavuta pumzi mbili tatu yameshafika. Unasubiri dakika nne. Unga unapanda juu na kufanya utando mzito. Unainama mpaka pua inakaribia kugusa, unauvunja ule utando kwa mgongo wa kijiko, na mvuke unaotoka hapo ndio unaosema ukweli. Ukichelewa sekunde kadhaa umeukosa.

Ikipoa kidogo ndipo unaonja, na hapa ndipo mama yangu alipokataa kuamini. Unachota kijiko na kukivuta kwa kishindo, fyuuup, kahawa itawanyike mdomo mzima kama dawa ya kupulizia na harufu ipande puani kwa nyuma. Kadiri kelele inavyokuwa kubwa ndivyo unavyofanya kazi vizuri zaidi. Mimi huyu, niliyechapwa na mwiko nikiwa darasa la pili kwa kufyonza chai mbele ya mchungaji.

Sasa, nilifikaje hapa? Nataka kulisema hili taratibu, kwa sababu wahamasishaji wa kwenye simu zetu wameliharibu. Kila ukifungua unakuta kijana mwenye koti la kubana anakwambia "toka kwenye eneo lako la raha, milango itafunguka." Anaongea kana kwamba mtu anasimama njia panda, upande huu bango la ualimu, upande ule bango la kahawa, naye anachagua kwa ujasiri. Mimi sikuona njia panda yoyote. Niliona bakuli za supu za kuoshwa.

Nilimaliza Mkwawa mwaka 2016. Kwa wasioijua, ni chuo kikuu kishiriki cha elimu kule Iringa, kilichoanza mwaka 2005 kwenye majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mkwawa. Nilisoma ualimu, masomo yangu Historia na Kiswahili. Sikusukumwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na kitu, na mimi nilikua nikimwona anasahihisha madaftari kwa taa ya chemli, kalamu nyekundu sikioni, na nikaona hakuna kazi nyingine duniani yenye heshima ile. Mazoezi ya kufundisha nilifanyia Mufindi, kwenye baridi ambayo ilinifanya nifundishe Vita vya Majimaji nimevaa glavu. Nilikuwa mwalimu mzuri. Naliandika hili bila aibu kwa sababu watu wakisikia mtu kaacha taaluma wanadhani ilimshinda.

Mwaka ule ule tuliomaliza, Serikali ilisitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Ajira ziliporudi, walimu wa sayansi na hisabati walitangulia. Sisi wa sanaa tukaambiwa tumezidi. Ni neno gumu hilo kumwambia mtu wa miaka ishirini na tatu: umezidi. Kama mchuzi.

Nikajaribu shule moja ya binafsi. Nilifundisha miezi saba nikalipwa miwili, nikaondoka. Wenzangu kila mmoja akaangukia alikoangukia: mmoja yuko Mafinga kwenye mbao, anajua bei ya mbili kwa nne kuliko anavyojua jina langu; mwingine anauza mitumba Mwanjelwa; wawili walivumilia wakaajiriwa na wanafundisha mpaka leo na wanaipenda kazi yao. Hao wawili huwa nawataja makusudi. Kuna namna ya kusimulia habari hizi inayowafanya waliobaki njiani waonekane wajinga, na siyo kweli.

Shangazi yangu ana mgahawa Mlowo, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Wateja wake ni madereva wa malori yanayosubiri foleni ya mpakani na wakulima waliokuja mjini. Aliponisikia niko nyumbani nalala mchana alimpigia baba: "Kaka, nipe huyo mtoto anisaidie. Vyeti haviozi." Nikaenda kwa kisirani. Nikawa naamka saa kumi kukanda chapati, na jioni nasoma magazeti ya kufungia maandazi nikitafuta tangazo la ajira.

Mwaka 2018 Serikali ikaelekeza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya ushirika. AMCOS, yaani vyama vyenyewe vya wakulima, zilizokuwa zimesinzia zikaamka ghafla na kazi tele, na karani wa moja ya hizo alikuwa anakaribia kujifungua. Mwenyekiti wake alikuwa mteja wetu wa supu. Alishawahi kuona daftari langu la madeni pale kaunta, majina yamepangwa kwa alfabeti, jumla zimepigiwa mstari mara mbili. Siku moja akamaliza supu, akafuta mdomo, akasema, "Ticha, hii miandiko unaiweka kwenye madeni ya chapati? Njoo utuandikie stakabadhi. Miezi mitatu tu."

Nilikubali kwa sababu mbili, na zote hazina ujasiri ndani yake. Ya kwanza, karani anakaa kwenye kiti. Ya pili, shangazi alinihakikishia kitanda changu kipo pale pale. Hili la pili nalitilia mkazo. Watu wanakwambia uwe tayari kwa lolote. Hawakwambii kwamba utayari huo unahitaji mtu wa kukulisha wakati unajaribu. Bila shangazi ningekuwa nimeng'ang'ania ile shule isiyolipa, kwa sababu angalau ilikuwa na uji wa saa nne.

Kazi ilikuwa kukaa kwenye meza karibu na mizani. Wakulima wanavuna mchana, jioni wanaleta kahawa mbivu kwenye mtambo wa kuchakata kabla haijaanza kuchacha. Mimi naandika jina, kilo, saini. Lakini mtu aliyezoea darasa hakai na mdomo wake. Nikaanza kuuliza. Kwa nini hizi mnazitumbukiza kwenye maji kwanza? Kwa sababu zinazoelea ni nyepesi, zina kasoro. Kwa nini hizi za njano mnazitoa? Kwa sababu mbichi haina sukari, itaonekana kwenye kikombe. Kwa nini mnavundika? Ule utelezi baada ya kumenya lazima ulegee ndipo uoshwe. Nilijifunza kutofautisha magonjwa ya kahawa, chule buni na kutu ya majani, ingawa sikuwa na hata mche mmoja. Mlinzi wa usiku alikuwa ananicheka: "Ticha, unasomea mtihani gani?"

Sikuwa nasomea mtihani wowote. Nilikuwa tu nachoka kukaa.

Kisha akaja yule mzee wa Moshi. Alitumwa na mnunuzi kuja kuangalia ubora kabla ya mnada, akaweka vikombe vyake vitano kwenye meza ya stoo, na mimi nikaambiwa nimchemshie maji kwa kuwa ndiye niliyetoka mgahawani. Alipomaliza akawaita watu waonje, nadhani kwa mzaha. Mwenyekiti akaonja akasema nzuri. Meneja akasema nzuri sana. Mlinzi akaomba sukari. Mimi sikuonja, nilikuwa napita na birika nyuma yake, nikasimama.

"Cha tatu kimelala," nikasema.

"Kimelalaje?"

"Kama ulanzi wa jana."

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika ukuta, mwalimu kumbe anajua ulanzi. Ukikaa Iringa miaka mitatu, unywe usinywe, msimu wa mianzi ukifika harufu ile utaijua. Ukiwa mpya ni mtamu kama maji ya muwa. Ukilala unapata ukali fulani unaokaa kati ya matunda yaliyooza na siki. Mzee wa Moshi hakucheka. Hakujua ulanzi, akaniuliza kama ninamaanisha mbege iliyopitwa. Sikuwahi kunusa mbege. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja na pombe yake, tukijaribu kukubaliana juu ya kikombe kimoja.

Akakirudia kile cha tatu. Akatema, akakaa kimya, akavuta daftari. Halafu akanieleza kitu ambacho bado kinanishangaza kila msimu: kwenye kikombe kile kulikuwa na punje sitini na kitu, na yaelekea ni moja tu iliyokuwa mbovu. Punje moja iliyonasa kwenye kona ya tangi au kwenye meno ya mashine, ikavunda siku tatu nne, kisha ikasafiri na wenzake. Ndiyo maana vinawekwa vikombe vitano badala ya kimoja. Kikombe kimoja kikiharibika kati ya vitano, tatizo ni tangi halijasafishwa vizuri. Vikiharibika vyote, tatizo ni kubwa zaidi.

"Umejifunzia wapi?" akauliza.

"Sijajifunza. Hata mtoto angesikia."

"Watu wanne wamepita hapa hawajasikia."

Hiyo ndiyo njia panda yangu, kama unaitaka. Hakuna muziki uliopigwa. Nilirudi kuandika stakabadhi, na usiku nikamsimulia shangazi, akaniambia nisije nikaanza kunusanusa chakula cha wateja.

Yule mzee aliporudi baada ya wiki mbili alikuja na chupa za maji. Nyingine kaweka chumvi kidogo sana, nyingine sukari, nyingine ndimu, akanitaka nizipange kwa ukali. Kisha vikombe vitatu vitatu, viwili sawa kimoja tofauti, nitoe kilicho tofauti. Nilipata vingi nikakosa vichache. Akaongea na watu wake. Msimu uliofuata nikaitwa kusaidia kwenye chumba cha kuonjea, kuosha vikombe kwanza. Niliosha vikombe miezi minne na digrii yangu. Nikaacha pilipili, nikaacha marashi, nikaacha vitunguu vibichi asubuhi za kazi. Kachumbari ndiyo niliyoililia zaidi.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba kahawa ingenirudisha kwenye Kiswahili.

Fomu tunayojazia alama ni ya Kiingereza. Kahawa inapewa alama kati ya 100, na ikifika 80 inahesabika kuwa ya daraja maalumu. Pembeni ya alama unaandika ladha ulizozikuta, na kuna duara la rangi ukutani lenye majina ya ladha. Bluberi. Aprikoti. Mbao za mwerezi. Kuna na mtihani wa harufu, vichupa 36 vidogo kwenye sanduku, unanusa umefumba macho na kutaja. Niliufeli mara ya kwanza na nilijua kwa nini: nusu ya vile vitu sijawahi kuviona. Unamtajiaje mtu harufu ya tunda ambalo hujawahi kulishika? Nilikuwa nakariri kama mtoto anavyokariri tebo. Mara ya pili nilipita, lakini kwa kudanganya kidogo. Sikuiba majibu, kila kichupa nilikipa jina la nyumbani kwanza, halafu nikatafsiri.

Nikaanza daftari. Uchachu wa ukwaju si uchachu wa ndimu, na wala si wa embe bichi. Ni vitu vitatu na kahawa ya kweli inavyo vyote kwa nyakati tofauti. Kuna utamu wa sukari guru na kuna wa asali, na asali yenyewe ya nyuki wadogo ina ukali fulani mwishoni ambao ya nyuki wakubwa haina. Kuna harufu ya ganda la chungwa ukilikamua karibu na moto. Kuna masuku, yale matunda ya porini yanayouzwa kwa visado barabarani, na nakwambia kahawa moja ya milima ile ilikuwa masuku matupu, mpaka nikaangalia chini kama kuna kokwa. Lile duara linasema "asumini" na hilo halikunisumbua hata siku moja, kwa sababu mashamba yote ya hapa yakipata mvua za kwanza yanachanua meupe na kunukia asumini. Mkulima wa kahawa anajua harufu hiyo kuliko wote wanaoiandika kwenye fomu.

Mkulima ndiye aliyenifanya niendelee na lile daftari. Wengi wao hawajawahi kuonja kahawa yao. Wamelima tangu babu, wanakunywa chai. Wakinywa kahawa ni ile ya kopo, ya kukoroga. Unamrudishia mtu karatasi yenye alama 81 na maneno ya Kiingereza, anaikunja anaiweka mfukoni pamoja na risiti ya mbolea. Lakini ukimwita, ukampa kijiko, ukamwambia kikombe hiki kina moshi, anaruka: moshi! Kumbe mke wake alihamishia vichanja karibu na jiko siku za mvua. Msimu ujao moshi haupo. Hakuna mhadhara wa Mkwawa ulioniandaa kwa somo linaloeleweka haraka namna hiyo.

Ndiyo maana wakaendelea kuniita Ticha. Sikulipenda jina hilo mwanzoni, lilinikumbusha nilichokosa.

Halafu katikati ya mwaka 2021 jina langu likatoka.

Ajira mpya za walimu zilitangazwa na mimi nilikuwa nimeomba. Kila mwaka nilikuwa naomba. Ni mazoea, kama kupaka mafuta. Sekondari ya kata, wilaya ya mbali, safari ya basi siku mbili. Siku kumi na nne za kuripoti. Baba alilia kwenye simu. Sikuwahi kumsikia analia. Alikuwa ameshapiga hesabu ya nauli na ameshampata mtu anayemfahamu kule wa kunipokea.

Ningependa kusema kwamba nilikaa chini nikapima faida na hasara. Meza yangu ilikuwa na sampuli arobaini. Siku ya kwanza nikasema nitazimaliza kwanza. Siku ya nne zikaja nyingine. Siku ya tisa nikafunga begi, nikalifungua. Upande mmoja ulikuwa na pensheni, bima, mshahara kila mwezi hata likizo. Upande wangu mkataba wa miezi sita unaokufa kila Novemba, na kuanzia hapo mpaka msimu mpya ni vibarua vya kufundisha AMCOS usafi wa matangi. Bodi ya Mikopo yenyewe haichagui: mwenye mkopo aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, uwe umefundisha Historia au umetema kahawa. Kwa hesabu yoyote ile nilitakiwa kwenda.

Siku ya kumi na nne niliamka nikaenda chumba cha kuonjea, nikachemsha maji. Hiyo ndiyo barua yangu ya kukataa. Sikuwaandikia hata mstari, na hilo najutia, kwa sababu kuna mtu mahali alikuwa anaisubiri ile nafasi na ilikaa wazi kwa muda kwa ajili ya uzembe wangu.

Kama nilikosea sijui. Kuna miezi ya Februari huwa najua nilikosea, kodi ikifika. Ninachojua ni kwamba watu wanaozungumzia kubadili njia hawasemi habari za yule aliyekulipia njia ya kwanza. Baba aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya Mkwawa. Mimi nilipogeuka sikugeuka peke yangu, niliugeuza na ule mwaka wake wa kunywa chai bila maziwa. Miezi mitano ya kimya haikuwa mingi.

Agosti iliyopita alikuja. Hakuja kunitembelea mimi, alisema wazi: anakwenda kuona kimondo. Miaka thelathini amefundisha kimondo cha Mbozi kutoka kwenye kitabu, hajawahi kukiona, na sasa amestaafu na goti linaanza kukataa. Nikampokea Mlowo, tukapanda bajaji mpaka kule Ndolezi. Akakizunguka mara tatu, akakigonga kwa fimbo kwa adabu, akamrekebisha mtembeza wageni kuhusu mwaka: "1930 ndipo walipokijua wao. Wenyeji walikuwepo." Tani 16 hivi za chuma na nikeli kidogo. Akasimama pale muda mrefu.

"Na chenyewe hakikuomba kazi huku," nikasema, kutania.

Hakujibu. Lakini wakati wa kurudi aliuliza kile chumba changu kiko wapi.

Nilimwekea sampuli tatu. Nikamwonyesha namna ya kuvunja utando, akainama taratibu kwa ajili ya goti, akanusa. Nikamwonyesha namna ya kuvuta. Alikataa kufyonza kwa kelele. Aliinywa kama mtu mzima, akameza, akasema haina sukari. Cha pili akameza. Cha tatu akakaa nacho mdomoni, akatazama dari, akasema, "Hii inakamata ulimi."

Nikafungua daftari langu kumwonyesha kwamba hata hilo lina jina. Nilikuwa nimeandika "ukali wa ndizi mbichi." Akavaa miwani. Akasoma ukurasa ule, akafungua wa pili, wa tatu, akarudi mwanzo, akaanza kusoma upya kwa mpangilio. Mimi nikawa naosha vikombe. Baada ya dakika kama ishirini nikasikia anajipapasa mfuko wa shati.

"Ukali ni wa pilipili, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Ndizi mbichi ina ukakasi. Mnawafundisha wakulima maneno ya kubahatisha?"

Na kalamu aliyoitoa, nilipogeuka, ilikuwa nyekundu. Akakata neno langu, akaandika lake juu kwa ule mwandiko wa ubaoni, akapiga alama ya vema pembeni ya masuku, akaweka alama ya kuuliza kwenye asali ya nyuki wadogo, kisha akasukuma kikombe cha tatu kuelekea kwangu.

"Niongezee hii. Nataka kuhakikisha."